Mtoto Analia Getini: Mwongozo kwa Walimu na Walezi wa Chekechea

Kila Januari shule zinapofunguliwa, asubuhi kwenye mageti ya chekechea huwa na kilio. Mtoto aliyekuwa akiimba kwenye bajaji njia nzima anashika gauni la mama kwa mikono miwili mara tu anapoliona geti. Mama anatazama saa, maana anatakiwa kazini saa mbili. Nyuma yake kuna foleni ya wazazi wengine. Mlezi anamchomoa mtoto, geti linafungwa, na sauti inasikika hadi barabarani.

"Atazoea tu," ndivyo wengi tunavyosema. Ni kweli, watoto wengi huzoea. Ila anazoeaje, kwa muda gani na kwa gharama gani, hilo liko mikononi mwa watu wanaompokea. Makala hii ni kwa ajili ya watu hao: walimu wa awali, walezi wa vituo vya kulelea watoto mchana, wasaidizi wao, hata mpishi na mlinzi wa getini, kwa kuwa nao mtoto anawaona kila siku.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni moja. Mtoto mdogo hukubali kuachana na mtu wake pale anapokuwa na mtu mwingine wa kwenda kwake. Asipomwona mtu huyo, atalia, na ana haki ya kulia. Mengine yote yatakayofuata hapa ni njia za kuhakikisha mtu huyo yupo, na mtoto anamjua.

Kwa nini analia

Hofu ya kuachana na mzazi huanza mtoto akiwa na miezi sita hadi minane hivi, wakati anapoanza kutofautisha watu wake na wageni. Hupanda zaidi kati ya miezi 10 na 18, kisha hupungua taratibu kuelekea miaka mitatu. Ikirudi siku ya kwanza ya chekechea, hata kwa mtoto wa miaka minne au mitano, hakuna kilichoharibika. Ameingia mahali pageni, penye kelele na watu asiowajua, na papo hapo mtu anayemtegemea anaondoka. Tena saa haijui. Ukimwambia mama atarudi saa saba, umemwambia maneno tu.

Mengi yanayojulikana leo kuhusu jambo hili yalianza kuonekana hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliishi Uganda, akatembelea nyumba za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala na kufuatilia akina mama 26 na watoto wao 28. Aliona kwamba mtoto mwenye imani na mama yake ndiye anayethubutu kutambaa mbali naye, akachezea vitu, akageuka kumtazama, akarudi kidogo, kisha akaondoka tena. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Pamoja na kazi ya daktari Mwingereza John Bowlby, kilichangia sana namna dunia inavyouelewa uhusiano wa mtoto na mlezi wake.

Tukiyaleta hayo getini, mtoto anayemng'ang'ania mama hajalelewa kimayai. Ana mtu mmoja anayemwamini, na kituo kina kazi ya kumwongezea wa pili.

Kumbuka pia kwamba mtu huyo si lazima awe mama. Wapo watoto wanaolelewa na bibi, na wapo ambao tangu walipozaliwa wameshinda na dada wa kazi. Mtoto wa namna hiyo anaweza kumuaga mama bila shida akaja kulia siku anayoletwa na dada. Mlezi asishangae, wala asimwone mama kuwa hapendwi.

Kabla ya siku ya kwanza

Kazi ya getini huanza siku kadhaa kabla ya geti kufunguliwa. Wakati wa kuandikisha, vituo vingi huuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, kadi ya chanjo na ada. Ongeza nusu saa ya kukaa na mzazi na kuuliza mambo haya, kisha yaandike kwenye daftari la mtoto:

- Nyumbani anaitwa nani? Mtoto anayeitwa "Babu" au "Chichi" tangu azaliwe huenda asigeuke ukimwita Emmanuel.
- Anasikia lugha gani vizuri zaidi? Aliyetoka kijijini kwa bibi huenda Kiswahili chake bado kichanga.
- Akitaka kwenda haja hutumia neno gani? Asipoeleweka atajikojolea, na aibu hiyo itamfanya akatae kuja kesho.
- Akilia, nini humtuliza: kubebwa, kuimbiwa, kunywa maji, au kuachwa kidogo?
- Anaogopa nini? Mbwa, tundu la choo, sauti kubwa, wanaume wenye ndevu?
- Nani atamleta na nani anaruhusiwa kumchukua?

Kisha mwalike mtoto aje na mzazi wake mara moja au mbili kituo kikiwa na utulivu. Aone bembea, aone choo, aoneshwe msumari kitakapotundikwa kibegi chake. Mtoto akijua mahali kitu chake kinapokaa, anaanza kuwa na sehemu yake pale.

Mzazi naye apewe kazi ya nyumbani. Amlaze mtoto mapema ili asubuhi isiwe ya kukimbizana. Amwachie shangazi au jirani kwa muda mfupi, amuage, kisha arudi kama alivyoahidi. Na aache kabisa kuitumia shule kama kitisho. Mtoto aliyeambiwa mwezi mzima "ngoja uende shule, utakiona" atafika getini akiwa anajua tayari kwamba ameletwa kuadhibiwa.

Kila mtoto awe na mwenyeji wake

Mgeni akifika kwenye nyumba yenye watu kumi, mtu mmoja humpokea, humwonesha pa kukaa na kumletea maji. Watoto wapya nao wanahitaji mwenyeji. Kabla ya kufungua, gawanya majina: watoto hawa watano ni wa mwalimu fulani, hawa watano ni wa mlezi fulani. Kwa wiki mbili za mwanzo mwenyeji ndiye anayempokea mtoto asubuhi, anayempeleka chooni, anayekaa karibu naye wakati wa uji na anayemkabidhi mchana. Watoto wengine hawatengwi, ila mtoto mpya anahitaji uso mmoja wa kuutafuta katika nyuso nyingi.

Mwenyeji akiumwa au akiwa na zamu nyingine, awepo wa pili ambaye mtoto ameshatambulishwa kwake. Kubadilisha mlezi kimyakimya katika wiki ya kwanza ni kumwanzisha mtoto upya.

Ujerumani vituo vingi hufuata utaratibu wa kuzoesha watoto uliobuniwa Berlin miaka ya 1980. Kwa siku tatu za mwanzo mtoto na mzazi huja pamoja kwa saa moja hivi na kuondoka pamoja, bila kujaribu kuachana. Siku ya nne mzazi huaga na kutoka nje ya chumba, kwa muda usiozidi nusu saa. Mtoto akikubali kutulizwa na mlezi, muda huongezwa siku zinazofuata. Akikataa, wanasubiri. Tena hawafanyi jaribio hilo la kwanza siku ya Jumatatu, mtoto akiwa ametoka kukaa nyumbani mwisho wa wiki nzima.

Hapa kwetu mama anayeuza samaki sokoni Feri hana siku zote hizo za kukaa chekechea, na wa kiwandani atakatwa mshahara. Lakini kiini cha utaratibu huo, kuongeza muda kidogo kidogo, hakihitaji fedha. Ratiba inayowezekana ni kama hii:

Siku ya kwanza, mtoto akae saa moja na mzazi au ndugu yeyote aliyemzoea, kisha warudi nyumbani pamoja. Siku ya pili, mzazi akae kidogo, aage, atoke kwa dakika 15 hadi 30, arudi. Siku ya tatu mtoto abaki hadi baada ya uji. Siku ya nne na ya tano abaki hadi chakula cha mchana. Wiki ya pili akae siku nzima. Mzazi asipoweza, bibi, kaka mkubwa au shangazi anaweza kuchukua nafasi yake.

Jambo jingine lisilo na gharama ni kutopokea watoto wapya wote siku moja. Watano waanze Jumanne, watano Alhamisi, watano wiki inayofuata. Mlezi mwenye watoto watano wanaolia anaweza kuwabeba kwa zamu. Mwenye 30 wanaolia kwa pamoja hana la kufanya zaidi ya kufunga mlango.

Dakika tano za getini

Makabidhiano mazuri ni mafupi na yanafanana kila siku. Yafuate hivi:

1. Mwenyeji awe amesimama mlangoni kabla watoto hawajafika. Simu iwe mfukoni, vikombe viwe vimeshaoshwa. Mtoto anayefika akakuta mlezi ameinamia kazi nyingine anaona hakuna aliyekuwa akimsubiri.

2. Msalimie mzazi kwanza, kwa sauti ya kawaida na uso mkunjufu. Mtoto anausoma uso wa mama. Akiona mama na mwalimu wanaongea kwa amani, anapata ushahidi wa kwanza kwamba mahali hapa pana usalama.

3. Chuchumaa, macho yako yawe usawa wa macho yake. Usimshike ghafla. Na usimng'ang'anize shikamoo. Mtoto mwenye machozi anayesukumwa na watu wazima wawili, "mwamkie mwalimu, mwamkie!", hajifunzi adabu wakati huo. Anajifunza kwamba hawajaona kuwa analia. Mwamkie wewe kwa jina lake, shikamoo itakuja.

4. Taja anachohisi, kisha mweleze kitakachotokea kwa vitu anavyovijua. Kwa mfano:

"Rehema, naona unamtaka mama. Mama anakwenda kazini. Tutakunywa uji, tutacheza kwenye mchanga, tutakula wali, halafu mama anakuja kukuchukua. Njoo tukatundike kibegi chako kwenye msumari wako."

5. Mzazi aage mwenyewe, waziwazi. Kumbatio moja, neno moja, mkono wa kwaheri. Waelekeze wazazi wachague namna moja ya kuaga na waishikilie. Anayeaga, akageuka, akarudi kumfuta machozi, akaaga tena, anamfundisha mtoto kwamba akilia zaidi mama atarudi.

6. Mtoto akabidhiwe, asinyakuliwe. Mzazi ndiye amtoe kifuani na kumweka mikononi mwako, au aushike mkono wake na kuutia katika mkono wako. Kitendo hicho kinasema: mimi mama yako nimemwamini huyu.

7. Mzazi akishaaga aondoke. Asichungulie dirishani. Mtoto akimwona mara moja tu, kazi yote inaanza upya.

8. Nenda na mtoto moja kwa moja kwenye jambo la kufanya. Usisimame naye getini akitazama barabara aliyopita mama.

Mtoto akija na dereva wa bodaboda au gari la shule, makabidhiano hayo hayo yanahitajika, na zaidi. Aliyeshushwa getini kama mzigo hajaagwa na mtu. Mwombe mzazi amuage nyumbani kwa namna ile ile ya kila siku, na wewe mpokee kwa jina mlangoni mwa gari.

Mzazi asitoroke

Ushauri unaotolewa sana kwenye mageti yetu ni huu: "Mpe biskuti, akigeuka, wewe ondoka." Unarahisisha asubuhi moja na kuharibu zinazofuata. Mtoto anamaliza biskuti, anageuka, hamwoni mama. Anajifunza kwamba watu hutoweka ukiacha kuwaangalia. Kesho yake hatatoa macho kwa mama hata sekunde, hatacheza, na nyumbani atamfuata mpaka mlango wa choo. Hata biskuti yenyewe atakuwa na wasiwasi nayo.

Kuagwa kunaleta kilio, ni kweli. Lakini kilio cha mtoto aliyeagwa na kuambiwa ukweli hupungua siku baada ya siku, kwa kuwa kila siku ahadi inatimia: uji ulikuja, mchanga ulikuja, wali ulikuja, na mama akaja. Uongo kama "mama anakwenda kununua soda, anarudi sasa hivi" unavunja hesabu hiyo. Mlezi asiuseme, wala asikubali kuwa shahidi wake.

Maneno ya kuacha na ya kuyashika

Yapo maneno yanayotutoka kwa mazoea, mengi tuliambiwa na sisi. Yaache haya: "Ukilia mama hatakuja kukuchukua." "Nitamwita polisi." "Daktari atakuja kukuchoma sindano." "Mwanaume halii." "Mbona wenzako hawalii? Tazama mwenzako alivyo mzuri." "Mtoto mkubwa huyu, aibu!" La kwanza ndilo baya kuliko yote, maana linathibitisha kile hasa anachokiogopa.

Badala yake sema: "Unamkumbuka mama, nimeona." "Unaweza kulia, nipo hapa." "Mama anajua uko hapa, na anajua njia ya kuja." "Ukiwa tayari tutaenda kuwaona kuku." Sema kidogo, kisha nyamaza na ubaki karibu. Maneno mengi humchosha mtoto anayelia.

Kuhusu fimbo, kofi, kufinya au kumfungia mtoto chumbani ili anyamaze, hakuna mjadala. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtendea mtoto ukatili na kumdhalilisha. Tena inasema adhabu haihalalishiki iwapo mtoto, kwa umri wake mdogo, hawezi kuelewa lengo lake. Mtoto wa miaka mitatu anayepigwa kwa kumlilia mama yake ni mfano ulio wazi wa hali hiyo. Kenya nayo iliondoa viboko shuleni tangu mwaka 2001.

Baada ya mzazi kuondoka

Watoto wengi hutulia ndani ya dakika chache tangu mzazi aondoke, wakipata kitu cha kushika na mtu wa kukaa naye. Vifaa ghali havihitajiki. Beseni la maji na vikombe viwili, mchanga, unga uliokandwa, udongo, vizibo vya chupa vya kupanga. Vitu vinavyomwagwa na kukandwa humtuliza mtoto kuliko vya kutazamwa. Televisheni na katuni za simu humnyamazisha haraka, lakini zikizimwa anamkuta mama bado hayupo, na wewe na yeye bado hamjajuana.

Kazi ndogo husaidia sana. "Nisaidie kugawa vikombe" au "twende tukamwagilie mchicha" humpa mtoto nafasi yake kati ya wenzake. Mtoto mwenye kuwasaidia wengine husahau kidogo kujihurumia.

Kubali kitu cha nyumbani. Kipande cha kanga ya mama, chenye harufu yake, ni dawa ya bure. Usikichukue kwa kisingizio kwamba ni kichafu au kitaleta ugomvi. Kiwekwe kwenye kibegi, mtoto ajue anaweza kukifuata akikihitaji. Baada ya wiki kadhaa atakisahau mwenyewe.

Chora siku ukutani: bakuli la uji, bembea, sahani, mkeka wa kulalia, mwisho mama akiwa getini. Kila hatua ikipita, mwoneshe: "Tumekunywa uji. Sasa tuko hapa. Mama yuko huku." Hiyo ndiyo saa yake.

Kilio huambukiza. Mmoja akianza, watatu wanaokaribia kutulia wataanza tena. Kwa hiyo gaweni kazi: mlezi mmoja atoke nje na anayelia sana, watembee taratibu, waangalie ndege au magari. Mwingine abaki na kundi na kuendelea na wimbo au mchezo. Kumtoa nje kuwe kwa kumsindikiza, kamwe kusiwe kumtenga. Anayelia asiachwe peke yake.

Katika shule za umma hali ni ngumu zaidi. Kiwango rasmi cha elimu ya awali Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na kuna madarasa yenye watoto wengi kuliko hao mara kadhaa. Mwalimu wa darasa kama hilo hawezi peke yake kuwa mwenyeji wa kila mtoto. Mkuu wa shule anaweza kumpa mwalimu wa pili kwa wiki mbili za mwanzo, saa ya kwanza ya asubuhi tu. Kamati ya shule inaweza kuomba wazazi wanne au watano wakae darasani kwa zamu. Na waliozoea wanaweza kupewa wenzao wapya wa kushikana nao mikono, alimradi mtu mzima awe anatazama.

Aliyenyamaza mtazame zaidi

Mtoto mpya asiyelia huwapendeza walezi wote. Anakaa pembeni, hasumbui, anakula akilishwa. Tahadhari na utulivu huo. Mwaka 1952 James Robertson, aliyefanya kazi na Bowlby mjini London, alionesha filamu aliyoipiga ya mtoto wa miaka miwili akiwa amelazwa hospitalini bila mama yake, katika zama ambazo wazazi waliruhusiwa kuja kwa nadra. Wauguzi waliwaona watoto wa namna ile kuwa "wamezoea". Filamu ilionesha mtoto aliyekuwa akijikaza kwa huzuni. Kazi hiyo ilichangia hospitali za Uingereza kuanza kuwaruhusu wazazi wakae na watoto wao.

Mtoto aliyezoea kweli hucheza, hugombania toroli, huongea, hucheka, hukataa mboga. Aliyekata tamaa hutazama mlango, hunyonya kidole, hushika kibegi chake siku nzima, halii hata akisukumwa. Huyo mkaribie taratibu. Kaa karibu naye ukifanya kitu cha mikono bila kumwuliza maswali, mpaka atake mwenyewe kukisogelea. Akija kulia wiki ya pili, mara nyingi ni dalili njema: ameanza kukuamini kiasi cha kukuonesha.

Kwa hiyo siku zisizo na machozi si kipimo cha kutosha. Kipimo bora ni kuangalia mtoto anakimbilia wapi akiumia. Akianguka kwenye bembea akainuka na kukutafuta wewe, ujue amepata mtu wake pale kituoni.

Kilio kinachorudi

Mtoto aliyekuja kwa furaha mwezi mzima anaweza kuanza kulia tena bila sababu inayoonekana. Sababu kwa kawaida ipo. Ametoka likizo au mwisho wa wiki mrefu. Alikuwa na homa, akakaa nyumbani akibebwa. Amezaliwa mdogo wake. Baba amesafiri, wamehama nyumba, dada aliyemlea ameondoka. Au hapo kituoni kuna jambo: mlezi wake amehamishwa, mwenzake anamng'ata, choo kinamtisha. Uliza nyumbani na ujiulize kituoni. Kisha rudi kwenye hatua za wiki ya kwanza kwa siku chache, bila kumlaumu kwamba "amerudi nyuma".

Wakati wa kumchukua

Ahadi ya asubuhi hulipwa mchana. Ikiwa mtoto ameambiwa "baada ya usingizi", mzazi aje baada ya usingizi. Mtoto wa mwisho kubaki huku viti vikipandishwa juu ya meza na taa zikizimwa atakumbuka kesho yake. Mzazi akichelewa, kaa naye, mwambie ukweli kwamba mama amepiga simu na yuko njiani, mpe kazi ya mikono.

Wapo watoto wanaocheza vizuri siku nzima, wakimwona mama wanaangua kilio. Mzazi hushtuka akidhani ameteswa. Mweleze mapema kwamba hilo ni la kawaida: mtoto alijikaza, sasa amefika kwa mtu anayeweza kumlilia. Kisha mpe taarifa fupi na ya kweli. "Alilia kidogo ulipoondoka, akatulia tulipokwenda kwenye mchanga, amekula nusu sahani, amelala." Usimwambie "hakulia kabisa" kama alilia. Na usimlalamikie mbele ya mtoto kwamba ni msumbufu.

Mzazi naye huumia. Anaweza kukaa kwenye daladala akijifuta machozi. Ujumbe mmoja wa simu baada ya nusu saa, "ametulia, anacheza", unamtosha. Picha mtumie yeye peke yake, usiweke kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wote.

Lini kutafuta msaada

Kwa watoto wengi hali huwa nyepesi ndani ya wiki mbili hadi nne. Zungumza na mzazi na utafute ushauri wa kituo cha afya au afisa ustawi wa jamii ikiwa baada ya wiki nne mtoto bado analia kwa muda mrefu kila siku bila nafuu, anakataa kula au kunywa, anatapika au kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule, anaota ndoto za kutisha, au ameacha kuongea au kwenda chooni kama alivyokuwa akifanya.

Dalili nyingine zisisubiri wiki nne. Mtoto akionesha kumwogopa mtu mmoja hasa au chumba kimoja, akiwa na alama za kuumizwa, au akilalamikia maumivu sehemu za siri, chukua hatua siku hiyo hiyo. Toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya pia. Usizime jambo kwa kulinda jina la kituo.

Kwa mkuu wa kituo

Kabla muhula mpya haujafunguliwa, kaa na wafanyakazi wako wote kwa saa moja, mpishi na mlinzi wakiwemo. Gawa watoto wapya kwa wenyeji wao na ubandike orodha mlangoni. Panga siku tofauti za kuanza. Kubalianeni maneno yasiyosemwa na utaratibu wa kuaga, kisha waandikieni wazazi karatasi moja yenye utaratibu huo, kwa Kiswahili chepesi. Saa ya kwanza ya asubuhi usimpangie mwenyeji kazi nyingine: vikombe vioshwe na mtu mwingine, daftari la ada lisubiri. Mwisho wa wiki ya kwanza pitieni jina baada ya jina na muulizane swali moja: huyu ana mtu wake hapa? Ambaye jibu lake ni hapana, Jumatatu aanze na mwenyeji mpya akiwa amesimama mlangoni.